Waliopima Kwadi Bila Mwenyewe

Mpaka leo nikimsikia fundi akisema shida si ya mashine bali ya anayeiendesha, damu inanichemka. Nimeshaambiwa kwamba hasira yangu hii imepita kiasi. Sawa, imepita kiasi. Lakini aliyeniambia hivyo hakuwepo siku dada yangu mkubwa alipoelezwa, mbele ya watu waliokuja kujaziwa matairi upepo, kwamba kwadi yake haimpendi.

Kwadi ndivyo tunavyoiita hapa pikipiki ya magurudumu manne. Dada aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyeivusha kupitia mpaka wa Ruhwa na kuipaka rangi nyeusi ya kung'aa kila mahali, hata chini ya kiti ambako hakuna anayetazama. Gesi ya kuongeza mwendo unaisukuma kwa kidole gumba, breki unaikamata kwa mkono, na hilo ndilo lililomvutia, kwa sababu mguu wake wa kulia ulipooza akiwa mtoto, tungali tukiishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Anatembea kwa mkongojo. Tulimchomelea chuma ubavuni mwa kwadi, upande wa kulia, ili mkongojo upate pa kukaa.

Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kamembe. Miaka yote alikuwa akiletewa. Waliomletea walijua hawezi kushuka mwenyewe ziwani Nkanka kuchagua, basi walimbebea zilizobaki, zilizopondeka na zilizolala, na yeye alizipokea na kusema asante. Alipojaribu kwenda kwa pikipiki ya kukodi, walimpakia kama gunia la mihogo, wakaulizana wao kwa wao wamshushe wapi, na yeye mwenye mdomo wake yupo hapo hapo juu ya gunia. Kwadi ilikuja kumaliza mambo hayo.

Kwa majuma machache ikayamaliza kweli. Kisha ikaanza visa viwili. Cha kwanza kilikuwa mlio: akipanda kilima kutoka ziwani, kitu kinagonga, ngo, ngo, ngo. Cha pili kilikuwa cha umeme. Dada akikaa na kubonyeza kitufe cha kuwashia, inalia ta-ta-ta-ta, taa ya mbele inafifia, kisha kimya. Nikikaa mimi, inawaka mara moja. Sitaficha kwamba jambo hilo lilitutisha kidogo.

Tukaenda kwa fundi mwenye gereji kubwa, mwenye sifa. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Papa, iyi moteri inalia namna gani?"

Nikamwambia kwadi ni ya dada yangu, amuulize yeye. Akatikisa kichwa, akaniuliza mimi tena. Dada akajibu hata hivyo.

"Inagongaka tu wakati wa kupanda mulima. Na kama miye nimeikala, inakatala kuwaka."

Fundi alimsikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayekuhadithia ndoto. Akautoa mkongojo, akauegemeza ukutani ili usimsumbue, akawasha, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni. Hakuna kilichogonga. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye alisema mlio umejificha, na kwamba anaujua, ni biele, ule mkono wa chuma unaopandisha na kushusha pistoni. Biele ikilia, injini ifunguliwe.

Akaifungua. Nilisimama pale nikaitazama biele kwa macho yangu, nzima, safi, haina hata mkwaruzo. Alifuta ile biele kwa kitambaa, akaigeuza, akaifuta tena, akairudisha. Alipomaliza kufunga, injini iliyokuwa kavu ikaanza kuvuja oili. Kisha akakaa mwenyewe juu ya kiti, akabonyeza, ikawaka, akanigeukia akicheka.

"Ona, Papa. Iko muzuri. Shida iko ku Maman. Iyi mashine haimupendi. Muuzishe tu, mumutafutie muntu wa kumubebaka."

Watu wa upepo wakacheka. Dada aliomba mkongojo wake. Nikauchukua ukutani nikampa, nikiona aibu na hasira pamoja.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya kuliko mlio wenyewe. Mama mmoja wa kwaya alikuja kumwombea dada akubali hali yake. Akubali nini? Taa inayofifia? Tangu lini Mungu akashughulika na waya za bateri? Nilimsindikiza mama huyo mpaka njiani kwa heshima zote, nikarudi nikapiga teke ndoo. Lakini dada alikuwa ameanza kusikiliza. Akaniambia kuna mkulima wa Butare anataka kuja kuiona kwadi Jumamosi. Akasema sambaza za kuletewa nazo zinauzika. Alisema bila kunitazama, akitandua chandarua kilichokuwa hakina sababu ya kutanduliwa.

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "twende kwa fundi mwingine. Mara moja tu. Halafu uuze."

Huyu alikuwa na kibanda kando ya barabara ya kwenda mpakani. Ni Mnyarwanda aliyekulia Uvira akarudi, mtu wa maneno machache, na maneno yenyewe huyasema akiwa ameinama. Nilimwonya kabla ya salamu kuisha kwamba mimi sitajibu swali lolote. Akadhani nina matatizo ya nyumbani. Akaanza kazi bila kuuliza yeyote, jambo lililonikera vilevile. Akapima bateri, nzima. Akang'oa kiti, akaingiza kichwa chini, na kutoka huko, kompresa ya jirani ikinguruma, tukamsikia anajisemea.

"Aa, njo ile. Masi iko mubaya. Masi ikiwa mubaya, byote binakufa."

Dada yangu aliinuka. Tumelelewa kwa Kimashi, au Mashi kama wenyewe tunavyoiita. Ndicho alichokisema mama yetu mpaka siku yake ya mwisho, na kwetu Bukavu hakuna aliyekua bila kutupiwa neno la dharau juu ya Bashi, kabila letu. Kati ya masi na Mashi, na kompresa katikati, dada alisikia alichokuwa ameshajiandaa kusikia.

"Unasema nini weye? Mashi iko mubaya? Mashi yangu imekukosea nini? Nimeleta kwadi, sikuleta kabila!"

Fundi alitoka chini akagonga kichwa kwenye usukani.

"Hapana, Maman! Si Mashi! Masi! Waya ya masi, ile inarudishaka kuran ku shasi!"

"Sasa sema muzuri! Na uangalie miye wakati unasema!"

Akamwangalia. Angefanya nini? Mtu akikufokea hivyo huwezi kumjibu kupitia ndugu yake. Na dada, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, hakuufunga. Alimwambia yote: kwamba inakataa yeye akikaa na inakubali wengine wakikaa, kwamba si uchawi na si uzembe, kwamba anajua kuendesha kuliko wanaume wote waliompa pole, kwamba mlio ambao fundi wa kwanza aliuita biele uko upande wa kulia wala si katikati.

Fundi akaweka koleo chini.

"Unaikalaka namna gani? Rudisha kiti. Ikala nione."

Nikakirudisha kiti, dada akakaa. Kwa sababu ya ule mguu, uzito wake wote unalalia kushoto, na chini ya kushoto, pale kiti kinapobonyea, ndipo waya wa masi ulipofungwa. Ulifungwa juu ya ile rangi nzuri ya kung'aa, bolti haigusi chuma vizuri. Sisi wenye miguu miwili mizima tukikaa katikati, waya unatulia. Yeye akikaa, kiti kinausukuma, na umeme unakosa njia ya kurudi. Fundi alichukua waya mwingine, akauunganisha kutoka bateri mpaka kwenye chuma kitupu cha injini, akamwambia bonyeza. Ikawaka, dada akiwa juu yake. Hakuna aliyecheka. Fundi akakwangua rangi kwa msasa, akaufunga waya upya mbali na kiti, akakaza.

"Na mukongojo unawekaka wapi?" akauliza.

Dada akautia mahali pake. Fundi akakamata kwadi kwa mikono miwili, akaitikisa kama iko mlimani. Ngo, ngo, ngo.

"Biele njo iyi," akasema, akaufunga mkongojo kwa kipande cha mpira wa tairi.

Walicheka wote wawili mpaka dada akafuta macho. Mimi sikucheka. Injini nzima ilikuwa imefumuliwa na kuachwa ikivuja oili kwa sababu ya fimbo, na fimbo hiyo fundi wa kwanza aliishika kwa mkono wake mwenyewe akaiweka ukutani. Bado sicheki. Mkulima wa Butare tulimpigia simu asijisumbue.

Asubuhi iliyofuata nilipanda nyuma ya dada tukateremka Nkanka. Alikata kona vizuri, ingawa nilimshika bega kuliko ilivyohitajika. Mitumbwi ilikuwa imeshafika na mabeseni yamepangwa. Bwana mmoja aliyekuwa akimpelekea dada sambaza zake za kulala alitusogelea, akampita dada kama unavyopita mti, akanipa mkono.

"Papa, karibu. Leo umetuletea Maman?"

Dada akazima injini.

"Ni miye njo nimemuleta," akasema. "Leta beseni, nione za chini."