Ijumaa Niliyokiri Kwamba Nyama Ni Soya

Mume wangu si mtu wa Butembo. Alizaliwa mbali, upande wa mto mkubwa, na serikali ndiyo iliyomleta huku kufanya kazi ya ofisi. Alipokuja kuniposa, baba yangu alimuuliza kama ataweza kula sombe zetu, majani ya muhogo. Akajibu kwamba atakula chochote, mradi kando yake kuwe na nyama. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania.

Miaka kumi na miwili nimempikia mbuzi, ng'ombe, nguruwe, na siku za kubana, utumbo. Maharage ya Lubero, ambayo mimi nikiyala na viazi sitaki kusemeshwa, yeye aliyaona kama kitu cha kupitisha muda mpaka nyama iive.

Kisha kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikavimba. Asubuhi ile alikwenda bureau, kazini kwake, amevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, na jioni nikampeleka kwa docteur. Docteur alibonyeza kile kidole kidogo tu, mume wangu akaita jina la mama yake. Ni goute, ugonjwa wa viungo, tukaambiwa. Pombe apunguze, na nyama nyekundu aiache kabisa kwa miezi kadhaa. Alitoka pale kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Docteur huyu iko mutoto," aliniambia njiani. "Hajui kitu."

Alivumilia wiki mbili. Ya tatu akapitia kwa wachoma mbuzi akitoka kazini, na kesho yake ile kandambili ikarudi mguuni.

Nikaona bora niende Beni kwa dada yangu mkubwa. Yaya, ndivyo ninavyomwita, ana biashara yake mbele ya kiwanja chake. Akina mama wa parokia walimfundisha kutengeneza soya, na ameweka meza, jiko la makala, na kibao alichoandika kwa rangi nyekundu: NYAMA, kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo kama chungu wanapanda ukuta: ya soya. Nilipomweleza habari za shemeki yake alicheka mpaka akashika mlango.

"Kaa hapa siku tatu," akasema. "Utarudi na dawa."

Nilikaa. Tuliloweka soya, tukaimenya, tukaipeleka kwenye mashine ya kusaga. Tukachuja maziwa yake kwa kitambaa, tukayachemsha, tukayakatisha kwa maji ya ndimu. Yakagandana kama mawingu. Tukayafunga kwenye kitambaa, tukaweka jiwe juu, na baada ya kukaa hivyo yakawa kitu kigumu, cheupe, cha kukatwa kwa kisu. Hapo bado hakina ladha ya kitu chochote. Yaya alikikata vipande vya mraba, kama vya mbuzi, akavilaza kwenye kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, kisha akavikaanga mpaka pembeni vikawa vya kahawia. Nilionja kimoja. Nikaonja cha pili ili niwe na hakika.

"Sasa, ukimupa bwana yako, usiseme soya," Yaya akaniambia. "Sema nyama."

"Yaya, itakuwa kumudanganya."

"Namna gani? Si inaitwa nyama ya soya? Weye sema nyama, ile ingine uimeze."

Niliporudi Butembo nilipita kwanza kwa docteur kumuuliza kama soya itamdhuru mgonjwa wangu. Akasema hapana. Basi mchana ule nikaweka mezani bugali, mchicha wa lengalenga, na sahani ya vile vipande katika mchuzi wa nyanya.

Mume wangu alikula kipande kimoja polepole. Akanitazama.

"Hii iko nyama gani? Docteur si alikataza?"

"Nimemuuliza. Hii inakubaliwa."

"Basi ni nyama nyeupe, donc." Akatafuna tena, akifikiri. "Ni sungura!"

Nikasema, "Kula, itapoa."

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza, na ninaukubali. Tangu siku hiyo alikuwa akila sungura, akijua vile vipande vinatoka kwa Yaya kule Beni. Jambo lililomshangaza ni kwamba sungura huyo hakuwa na mifupa hata kidogo.

"Yaya yako anatoa mifupa yote?"

"Yote."

"Mwanamuke wa subira," alisema kwa heshima.

Mguu ukapona. Kiatu kikarudi. Ikafika Kwaresima, na mimi, mkatoliki wa kuzaliwa, Ijumaa, siku ambayo sisi hatuli nyama, nilikula naye sahani moja kwa dhamiri safi. Yeye ni mprotestanti, hahesabu Ijumaa, lakini alikuwa ananichokoza: "Bakatolika ba siku hizi!" Nadhani alifikiri nimeacha kujinyima kwa ajili ya kumpenda, na jambo hilo lilimfurahisha. Nikamwacha afurahi.

Kosa lake lilikuwa kwenda kujisifu bureau. Alimsifia mkubwa wake wa kazi huyo sungura wa mke wake mpaka Ijumaa moja saa sita mchana nikasikia sauti mbili langoni, yake na ya chef wake. Yule chef alikuwa mzee mpole, mkatoliki wa parokia yangu, aliyeamini kwamba kwangu Ijumaa atapewa chakula bila nyama. Nilimwandalia kiti, akanawa mikono, akafanya ishara ya msalaba. Mume wangu akafunua sahani mwenyewe, kwa mikono miwili.

Chef alisimamisha mkono hewani.

"Mama, leo ni Ijumaa."

"Ndiyo, chef."

"Ya karême."

"Ndiyo, chef."

"Na siku ya Majivu nilikuona kwa macho yangu, ulipakwa majivu."

Mume wangu naye akanitazama, akitabasamu, akisubiri nimchague yeye kuliko Kwaresima mbele ya mkubwa wake. Nilikuwa na njia mbili: nikubali dhambi ambayo sikuitenda, au nikiri uongo wangu wa wiki sita. Nikamsogezea chef sahani.

"Chef, kula tu," nikasema. "Haiko nyama. Iko soya."

Mume wangu aliweka kifuniko chini. "Soya gani?"

"Soya, papa. Ile ya shamba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka Beni."

Akaanza kuhesabu Jumapili kwa vidole. Akaacha katikati. "Na sungura?"

"Mimi hapana sema sungura. Ni weye ulisema."

Chef alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Nilidhani anakohoa. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtiririka kwa kicheko, na mkono ulikuwa tayari kwenye sahani.

Mume wangu hakucheka. "Mimi sikasirikii soya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Ninakasirikia jina. Kila kitu kina jina yake. Kama ni soya, iitwe soya, niamue mwenyewe kama nitakula."

"Ungeamua nini?" nikamuuliza.

"Ningekataa," akasema. "Mais hata hivyo ingekuwa haki yangu kukataa."

Chef akafuta mdomo. "Mimi nina shida ingine," alisema. "Nimekuja kujinyima nyama. Sasa kama hii inafanana na nyama, inanukia kama nyama, na ninaifurahia hivi, nimejinyima nini?"

"Chef, jinyime basi kipande kinachofuata," nikasema.

"Nitaanza na kile cha tano," akajibu. Alikuwa kwenye cha nne.

Alipoondoka nikabaki naosha sahani. Kwetu, mgeni akikalishwa mezani bila nyama, mwenye nyumba ndiye anayeona haya, na mimi nimelelewa na haya hiyo. Nilipomwacha aiite nyama nilitaka mume wangu ajione bado anaheshimiwa kwake. Lakini nilikuwa nimeuona uso wake mbele ya mkubwa wake, mtu mzima aliyemsifu mnyama ambaye hayupo, na hilo lilinisumbua kuliko maneno yake. Jumamosi yote alinijibu oui na non, ndiyo na hapana tu. Jumapili alikwenda kwenye kanisa lake, mimi kwenye langu, na tulipokutana njiani tukirudi nikamwomba msamaha palepale, watu wakitupita.

"Nitaendelea kula," akasema. "Mais katika nyumba yetu iitwe soya."

Nikakubali.

Baada ya Pasaka alipata kazi ya siku mbili Oicha, mbele kidogo ya Beni, nikafuatana naye mpaka Beni. Hakukaa kwanza. Alisimama mbele ya kibao cha Yaya, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Yaya, hii kibao inadanganya batu."

"Shemeki, maziwa ya soya unakunywa?"

"Ninakunywa."

"Ulishamuuliza ng'ombe?"

Hapo ndipo akakaa. Lakini Yaya ni mtu wa haki, na maneno ya shemeki yake yalimwingia. Tulipokwisha kuondoka alifuta kibao chote, akaandika SOYA peke yake kwa herufi kubwa. Alinipigia simu wiki ile, nusu analia, nusu anacheka. Askari waliokuwa wakija kila mchana walisoma kibao wakapita. Mmoja akamuuliza, "Mama, nyama ilisha?" Yaya akamwambia haijaisha, ni ile ile ya siku zote. "Hapana, mama," askari akasema, "soya ni uji ya batoto ba centre de santé. Mi niko mugonjwa?" Huo ndio uji wanaopewa watoto waliokonda kwenye zahanati.

Nikamsimulia mume wangu. Hakuwahi kufikiri kwamba hata jina la kweli lina aibu yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Yaya simu, akampa shauri: aandike maneno yote, lakini kwa herufi zenye ukubwa mmoja, ili anayesoma la kwanza asikose la tatu. Yaya akafanya hivyo. Askari wakarudi. Wengine wanasema "nipe nyama", wengine "nipe soya", naye anawapa wote kitu kimoja.

Siku hizi tunaitengeneza nyumbani, na Jumamosi mume wangu ndiye anayeweka jiwe juu ya kitambaa, na hataki nimsaidie. Anakata soya yake vipande virefu na vyembamba, kwa sababu anasema chakula kisijifanye kitu kingine. Mimi ninakata ya kwangu vipande vya mraba, kama vya mbuzi, namna Yaya alivyonifundisha. Tunakaanga yote katika sufuria moja, na wakati wa kula kila mmoja wetu anaiba ya mwenzake.