Vichwa vya Kila Ukurasa

Pale kituo cha kusukuma maji walimwita Bi Sikio, kwa sababu kila asubuhi aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini akautia sikioni, akasikiliza kama daktari. Ilikuwa miaka kumi na tisa sasa. Na miezi minne mfululizo alikuwa akisema pampu namba tatu inakufa.

Meneja alimjibu kwamba sikio si ushahidi. Leo saa kumi angesaini mota moja mpya, moja tu, na programu ya kompyuta ndiyo ingesema iende pampu ipi. Namba tatu ikikosa, bondeni kote kutakauka, na huko bondeni ndiko anakoishi mdogo wake Bi Sikio na mapacha wake wachanga.

Programu ilisoma vipimo vya mtetemo, saa baada ya saa, ikavitia doa jekundu vilivyoenda kombo. Lakini ilikuwa na madeko. Kwenye mstari wa kwanza wa faili ilitaka majina ya safu, chini yake vipimo vitupu. Bi Sikio akaweka tarehe safu yake na saa safu yake. Ikagoma. Akaziunganisha, ikagoma tena, eti haioni safu ya wakati. Mara ya tatu ikakubali, kisha ikatangaza pampu zote nne mbovu.

"Shangazi, hiyo inataka kubembelezwa," alisema karani aliyenakili madaftari yote ya vipimo kwenye kompyuta.

"Ibembeleze wewe. Mimi mtu akininunia mara tatu namwacha."

Lakini hakuiacha. Aliyakodolea macho yale madoa mekundu. Yalipangana kama shanga. Akahesabu kwa kidole: vipimo thelathini, doa. Thelathini tena, doa.

Ukurasa wa daftari ulibeba vipimo thelathini, na kila ukurasa mpya yeye alipiga mstari kwa rula, akaandika upya vichwa, yale majina ya safu. Hata wenzake wa zamu aliwakazania hivyo hivyo. Karani naye alinakili kila kitu, vichwa vikiwemo. Programu ikikuta maneno katikati ya namba iliyahesabu sifuri, ikadhani pampu imezimika ghafla.

Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Saa ilikuwa nane na nusu. Vichwa vilikuwa mia nne na ushee. Wakagawana na karani, wakafuta kimoja kimoja, Bi Sikio akisonya kwa kila alichokifuta.

Saa kumi kasoro dakika saba madoa yalibaki namba tatu peke yake, yakizidi kuanzia wiki ileile aliyoanza kulalamika.

Meneja aliinamia skrini. "Kumbe mashine imegundua."

"Imegundua," alisema Bi Sikio, akamsogezea kalamu. Alimsimamia mpaka alipoiandika ile tatu na kusaini. Kisha akachukua bisibisi yake, akaenda kuzisikiliza zile nyingine.