Daktari Alimuuliza Kwamboka, Nikajibu Mimi

Admin, ficha jina langu na la kijiji pia. Sema tu ni upande wa Nyansiongo. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mbili, muumini wa Sabato. Mtanitukana, najua. Tukaneni, lakini mkimaliza mnijibu.

Miaka ya sabini nilikuwa msichana, bado niko kwa mama. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, na kwetu hakuna mwingine aliyeweza kuongea Kiswahili na wakubwa. Kaka yangu alikuwa ameoa Kwamboka, ambaye hakusoma hata darasa moja. Walizaa msichana, Moraa, halafu mvulana. Yule mvulana alishikwa na homa siku nne, kaka akakataa apelekwe hospitali eti chai inachumwa. Mtoto akafa. Kwamboka akaacha kula, akaacha kulala, na mbele ya wageni akawa anamwambia kaka, "Wewe ndiye umemuua." Kila akisema hivyo, alipigwa.

Mama akaamua huyo ni mwendawazimu. Tukampeleka kwa daktari wa akili, mgeni asiyejua Kigusii. Mlangoni mama akaniambia, "Leo wewe ndiye mdomo wake. Ukimtaja kaka yako vibaya, usirudi kwangu."

Daktari alikuwa mpole. Alisoma maswali kwa karatasi, moja moja.

"Muulize leo ni siku gani."

Kwamboka akajibu, "Jumanne." Mimi nikasema, "Anasema hajui."

"Muulize kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo."

"Hapana," Kwamboka akasema. "Mwambie mume wangu ananipiga. Mwambie mtoto alikufa na homa na hospitali iko, sikuruhusiwa kumpeleka."

Nikasema, "Anamsikia mtoto akilia chini ya udongo. Mtoto anamwambia achome nyumba."

Daktari akainua kichwa. "Mbona yeye amesema maneno mengi kuliko hayo?"

"Anarudiarudia, daktari."

Akaandika. Kwamboka akanishika mkono. "Asante dada, wewe umenisemea."

Na niwaambie ukweli wote, sikuona haya. Nilisikia utamu, kwamba mtu mkubwa kama yule anangoja mdomo wangu ndipo aandike.

Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, akakaa miaka tisa. Mara mbili barua ilikuja, wanataka mtu wa nyumbani aende ili Kwamboka apimwe upya. Mimi ndiye niliyezisoma. Mama akazitia motoni na sikusema kitu.

Aliporudi mikono ilikuwa inatetemeka, hawezi hata kumenya ndizi. Nyumbani kwake alikuta mke mwingine. Moraa alimkimbia mama yake, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha kumwogopa. Kwamboka akafa mwaka uliofuata katika kijumba nyuma ya zizi. Hakuwahi kujua nilichosema. Nikimpelekea uji, alikuwa ananiombea.

Wachumba wawili wa Moraa walirudi nyuma, eti damu yake ina wazimu. Alipata mume akiwa amechelewa, akazaa binti mmoja tu. Sasa huyo binti amejifungua mwezi uliopita, halali, analia mchana kutwa. Jumamosi baada ya ibada Moraa alikuja kwangu.

"Shangazi, daktari anayempima binti yangu ameuliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa akili. Nimemwambia nyanya yake alikuwa anasikia sauti. Anataka kujua vizuri kabla hajamwanzishia dawa. Wewe ndiye ulikuwa ndani siku ile. Alhamisi twende ukamweleze."

Nikamwambia, "Tutaenda."

Mama na kaka walishakufa, nimebaki mimi pekee ninayejua. Watoto wangu wako mbali, hawapigi hata simu. Moraa ndiye ananipikia, ndiye ananiosha miguu hii iliyovimba. Nikimwambia, nitakufa peke yangu. Nisipomwambia, yule binti atatibiwa kwa uongo wangu, kama nyanya yake.

Msiniambie niombe, nimeomba. Leo ni Jumatatu. Nishaurini: Alhamisi nikikaa mbele ya huyo daktari, na Moraa ameketi kando yangu, niseme nini?