Uso Uliojichora Wenyewe

Ukiambiwa leo uchore muuaji, utachora uso wa nani?

Brashi hakuwahi kujiuliza hilo. Tangu aanze kuuchorea ukumbi wa sinema mabango, kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja. Meneja akimletea bango lililochapwa kiwandani ili alinakili, yeye huligeuza kifudifudi, huketi juu ya kopo la rangi na kusema, "Nisimulie." Meneja humsimulia filamu, naye huchora alichokiona kichwani. Kunakili, alisema, ni kutafuna kilichokwisha kutafunwa. Na kila bango alilitia jina lake kwenye kona ya chini, kwa rangi nyekundu.

Filamu ya safari hii ilihusu mtu mpole anayebisha hodi kwa watu, na wanaomfungulia hawaonekani tena. Brashi alichora mlango, mkono, kisha uso. Macho aliyaacha mwisho, kama kawaida yake. Alipoyamaliza, mkewe aliingia na chai kwenye karakana iliyokuwa uani kwao, akasimama palepale.

"Baba Mapacha, huyu umemtoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani mwako anafanya nini?"

Brashi akarudi nyuma, akatazama vizuri. Alikuwa yule bwana wa gari jeusi, aliyekuja kumchukua fundi cherehani jirani yao "kwa maswali machache tu." Cherehani ya fundi bado ilikuwa barazani, na suruali ya mteja chini ya sindano. Mtaa mzima uliona, mtaa mzima ukanyamaza. Brashi naye alinyamaza. Mkono wake ndio ulioshindwa.

"Mpake masharubu," mkewe akasema.

"Atakuwa yuleyule mwenye masharubu."

"Basi futa jina lako, mume wangu."

"Nikilifuta nitakuwa nimenyamaza mara ya pili."

"Maneno matamu hayo. Utayasemea wapi, ndani ya gari jeusi?"

Brashi akalifunika kopo la rangi nyekundu. Meneja alipokuja kulichukua bango, alijikuna shingo.

"Lile la kiwandani si lipo?"

"Lipo. Limelala kifudifudi."

Meneja akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akalibeba shingo upande, maana onyesho lilikuwa kesho, lile la kiwandani lilikuwa karatasi ndogo tu, na ubao mwingine haukuwapo.

Asubuhi iliyofuata Brashi alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lililofungwa. Watu kwenye foleni ya tiketi walilitazama bango, wakatazamana. Gari jeusi likaja polepole, likazima. Yule bwana akashuka, akavua miwani, akalikagua bango kama mtu aliyetoka kunyolewa anavyojikagua kwenye kioo: shavu huku, shavu kule. Akatabasamu. Foleni ikayeyuka.

Kisha akainama kwenye kona, akalipapasa jina kwa kidole. Ile rangi nyekundu huchelewa kukauka. Akakitazama kidole, akakifuta kwa leso, akaikunja leso vizuri na kuitia mfukoni. Akamuuliza jambo muuza tiketi. Muuza tiketi akatazama chini, halafu akanyoosha mkono upande wa nyumbani kwa Brashi.

Gari likawaka. Likakata kona kuelekea uani kwao, ambako mkewe Brashi alikuwa peke yake, akiosha brashi.