Vidonge Alivyotiliwa Yoramu

Miaka mitatu Loisi alimtilia mumewe dawa kwenye mlenda, na mumewe hakujua. Usimhukumu upesi. Yoramu alikuwa na kiburi cha afya: hospitali ni ya wagonjwa, yeye kidonge hakijapita kooni mwake. Magoti yalimuuma mpaka akashindwa kufuata ng'ombe, na bado alibisha. Loisi akanunua vidonge vya maumivu ya viungo mnadani Mpwapwa, akawa anavisaga. Mzee akasimama, akanenepa, akazidi kujisifu.

Kisha binti yao Anna akajifungua, na Loisi akaenda Ipagala, mjini, kumhudumia. Vidonge vikakatika. Hakuona neno, magoti yakiuma, yatauma tu. Kumbe Yoramu akashikwa na homa ya mapafu, akaletwa hospitali ya mjini hajitambui.

Daktari Erica aliwaeleza wazi. Dripu zimeingia, dawa ya kupandisha presha imeingia, na presha haipandi.

"Kuna dawa yoyote alikuwa anatumia? Hata ya kienyeji?"

"Kaka yangu hajameza kidonge tangu azaliwe," alijibu Matonya, mdogo wake Yoramu.

Loisi aliogopa sana. Mke anayetia kitu katika chakula cha mume huitwa jina moja tu, na mshtakiwa wa limbwata hapati wakili. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kingemchukua asiyeficha kitu.

"Alikuwa anatumia, daktari, ila hajui. Nilikuwa namtilia mimi."

Akaeleza vilivyo. Erica hakumgombeza. Vidonge vile vina homoni, alisema, na mwili uliozoea kupewa homoni ya vidonge huacha kutengeneza ya kwake. Vikikatwa ghafla na ugonjwa ukaingia, presha huporomoka. Akaagiza homoni hiyo kwa sindano. Jioni presha ikaanza kupanda, na Matonya akawa ameshapiga simu ukoo mzima: shemeji kamlisha kaka limbwata.

Yoramu alipoweza kukaa, Matonya alimsimulia yote, Loisi akiwa amesimama pale pale, macho chini. Kisha Erica akaingia na vidonge, akamweleza mgonjwa kwamba ni vya kila siku na asithubutu kuviacha bila kuambiwa.

Yoramu hakunyoosha mkono.

"Mpe mama Anna," alisema. "Nikipewa mimi, sivimezi."