Siku Nilipomfanya Baba Marehemu Kikaoni

Naona aibu kulisimulia hili, lakini kijiji kizima cha Mbuba wanalijua, kwa hiyo bora mlisikie kwangu kabla halijaongezwa chumvi. Mimi ni mtu wa nyumbani, nikifika shamba la maharage na kurudi najiona nimesafiri, ila Mwalimu Jovina aliniomba niseme maneno mawili kwenye kikao cha wazazi, maana wengi walitaka lile darasa la akili mnemba la Jumamosi lifutwe, watoto wakapalilie, na binti yangu Editha wa kidato cha pili alishaanza kukonda kwa wasiwasi.

Kuandika nikaona uvivu. Nikaiambia simu: niandikie hotuba ya mzazi wa Kagera, iguse moyo. Ikaandika ndefu, tamu, nami nikainakili kwenye daftari huku nawaza mengine kabisa (na cheti cha kidato cha nne ninacho, jamani).

Kikaoni nikaamkia wazee shikamoo, nikaanza: "Sisi wavuvi wa ziwani..."

"Unavua wapi, mgombani?" mtu akadakia.

Watu wakacheka, jasho likanitoka, na badala ya kunyamaza nikaongeza sauti na kasi, hadi nikajisikia nasema, "Marehemu baba yangu aliniachia wosia wa elimu."

"Apumzike kwa amani," akasema Mama Adela, kwa mazoea ya sala za jumuiya.

"Amina!" wakaitikia wote (na baba yangu mwenyewe, benchi la mbele, kofia magotini, naye akaitikia kabla hajashtuka).

"We mtoto," akasema, "nimekufa lini?"

Kicheko kilipopungua, mzee mmoja akasimama. "Mmeona? Hicho kitu kinazika walio hai! Wangu Jumamosi wanapalilia."

Editha akainamisha kichwa. Miguu yangu ilishageukia mlangoni, lakini nikabaki. "Wazee wangu, simu haimjui baba. Mimi namjua, na bado nikasoma kwamba ni marehemu, kwa sababu sikufundishwa kuikagua. Mnataka na watoto wawe kama mimi?"

Baba akanyoosha mkono.

"Marehemu anaunga mkono. Ila na huyu aandikishwe."

Mikono ikafuata, darasa likabaki. Sasa kila Jumamosi nakaa dawati la nyuma, magoti yanagonga ubao wake, Editha ananisahihisha bila huruma, na siachi. Tena nimeapa: sisomi chochote mbele za watu kabla sijampelekea baba. Huwa haulizi mengi. Anavaa miwani, anauliza, "Humu ndani niko hai?"