Mama Kwenye Mgongo wa Koti

Mtaa mzima ulimwita Madoa, maana hakuwa na nguo isiyo na tone la rangi. Mchoraji, na fundi wa mitindo papo hapo. Ule wepesi wa mkono msiniulize aliutoa wapi: ni upande wa mama yake, yaani kwetu sisi. Wa upande wa pili wakinuna, shauri yao.

Mama yake alikuwa hataki kuchorwa. Alibembelezwa miaka, mwisho akakubali kukaa kwenye kiti cha dirishani, huku akilalamikia kiuno. Picha ikatoka hai, hata na lile jicho la kushoto linalodharau watu. Mama akataka itundikwe sebuleni, pembeni ya ile ya marehemu mumewe.

"Ngoja ikauke vizuri, mama," Madoa alisema. Akaipeleka karakanani kwake, na ilipokauka akaiviringisha, akaisimamisha kwenye kona pamoja na majora ya turubai lilelile alilochorea, la kushonea makoti.

Asubuhi ya maonyesho ya mavazi, koti la mwisho lilikuwa halina mgongo. Fundi huchora chaki upande wa ndani wa kitambaa, kwa hiyo alivuta jora, akalilaza kifudifudi, akachora, akaanza kukata. Kipande kilipojipindua kwenye mkasi, akaona sikio la mama yake, na hereni yake.

Hapo angeweza kuacha. Shavu lilikuwa bado zima. Lakini lile jicho lilikaa vizuri mno katikati ya mabega, na mvaaji alikwishafika. Akajiambia atachora nyingine. Akaendelea.

Koti lilipigiwa makofi, likanunuliwa palepale na mgeni mwenye safari. Madoa alimtazama akitoka, na mama mgongoni, jicho likimwangalia yeye tu.

Alipokwenda nyumbani alisema yote.

"Umenikata?" mama akauliza.

"Nimekukata, mama. Nitakuchora upya."

"Ulikata ukijua?"

"Mwanzo sikujua."

"Na baadaye?"

Madoa akaanza kukwangua tone la rangi kwenye mkono wa shati lake.

"Koti lilipendeza?"

"Lilipendeza, mama."

"Basi vizuri, mwanangu. Ila mimi pale sikai tena. Kiuno hiki si cha kuchezewa."

Tangu siku hiyo, kila akija husimamisha turubai mbele ya kile kiti. Mama hupita, humwuliza kama amekula, kisha huweka kapu la nguo chafu juu ya kiti na kwenda zake jikoni. Madoa huchora kapu.